Kupukutika kwa Chembe: Historia ya Saratani ya Tumbo na Tatizo la Jina katika Nchi za Ziwa

Msafiri atokaye Bukoba kwenda Muleba hufika Kagoma. Kando ya njia huona vibanja vya Wahaya: migomba juu, na chini ya migomba mibuni. Mvua ikisha kunyesha, mibuni huchanua maua meupe, na harufu yake hujaa hewani. Siku chache baadaye maua hayo hupukutika, moja moja, bila ya mkono wa mtu. Hakuna mkulima aliaye kwa kuona maua yake chini, kwa maana ajua kwamba kuanguka kwa ua ni mwanzo wa buni. Ambalo lingemtia hofu ni ua lisiloanguka.

Makala haya yakusudia kueleza habari moja ya historia ya utabibu ambayo kiini chake ni kama kupukutika huko. Ni habari ya protini ziamuruzo chembe za mwili kufa wakati wake ukifika, na ya saratani ya tumbo, ambayo huzaliwa pale amri hiyo inapovunjwa. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya habari hii ilianzia katika nchi zetu za Ziwa, ingawa mara nyingi husimuliwa kana kwamba yote yalitendeka Ulaya na Marekani. Pili, jambo lenyewe bado halijapata katika Kiswahili jina lililoenea. Na ukosefu wa jina, kama nitakavyojaribu kuonyesha, si hasara ya wanazuoni peke yao.

Majina tuliyorithi

Neno *saratani* limetufikia kutoka Kiarabu, nalo huko lina maana ya kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Wanafalaki wa Kiswahili hulitumia hata leo kwa jina la buruji mojawapo ya zile 12. Waarabu nao walifuata Wayunani, kwani matabibu wa zama za Hippocrates waliita uvimbe wa namna hii *karkinos*, yaani kaa vile vile. Kwa hiyo jina hili limebeba picha ya kitu kilichojikita mwilini, chenye mikono mingi, kisichobanduka. Kando ya saratani tunalo *donda ndugu*, jina la kidonda kilacho nyama na kuenea. Majina yote mawili yasema juu ya kukua na kuenea. Hapana hata moja lisemalo juu ya kufa.

Neno *tumbo* nalo lina mashaka yake. Katika usemi wa kila siku tumbo ni sehemu yote iliyo kati ya kifua na nyonga. Ni mfuko upokeao chakula. Na mama mwenye mimba husema mtoto yu tumboni. Mtu wa Kagoma asemapo kwamba tumbo lamsumbua, tabibu hana budi kuuliza maswali mengi kabla ya kujua ni tumbo lipi. Katika makala haya *tumbo* ni ule mfuko wa chakula tu, mahali pale pale watu wanapopata maradhi wayaitayo *vidonda vya tumbo*.

Kifo kilichopuuzwa

Mwaka 1858 Rudolf Virchow, tabibu Mdachi wa Berlin, alitangaza mafundisho yake kwamba kila chembe hai hutokana na chembe nyingine, na kwamba maradhi yapaswa kutafutwa ndani ya chembe. Tangu hapo wataalamu wa saratani walielekeza macho yao upande mmoja: jinsi chembe zinavyozaliana. Uvimbe ukikua, walisema, ni kwa sababu chembe zake huzaliwa kwa haraka kupita kiasi.

Lakini ukubwa wa kitu chochote chenye uhai hutegemea mambo mawili, si moja. Idadi ya watu wa mji hupanda kwa kuzaliwa wengi, nayo hupanda vile vile kwa kufa wachache. Kweli hii haikuwa imefichika kabisa. Mwaka 1842 Carl Vogt aliona chembe zikifa katika mwili wa chura mchanga aliyekuwa akikua, na mwaka 1885 Walther Flemming alichora chembe zikisambaratika katika ovari. Hata hivyo mambo haya yaliwekwa kando kama vioja. Kifo cha chembe kilihesabiwa kuwa ajali tu: chembe imeungua, au imenyimwa damu, au imetiwa sumu.

Mulago na mbingu yenye nyota

Sasa yatupasa kuvuka mpaka na kuingia Uganda, nchi iliyo jirani mno na Bukoba, ambako Wahaya wengi walikuwa wakienda kutafuta kazi na biashara. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, Dkt. Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyevimba mataya pande zote mbili, juu na chini. Muda si mrefu Burkitt akaona mtoto wa pili mwenye hali ile ile huko Jinja. Alipopekua madaftari ya hospitali akagundua kwamba watoto wa namna hii walikuwa wengi, ila kila mmoja alikuwa ameandikiwa ugonjwa mbalimbali kwa kufuata kiungo kilichovimba. Mwaka 1958 akaandika habari zake katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Mwezi wa Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walifunga safari kwa gari kutoka Kampala kuelekea kusini, wakapita Tanganyika na kuendelea mpaka Afrika ya Kusini. Walikwenda maili 10,000 hivi, wakiuliza katika kila hospitali kama uvimbe ule unajulikana. Walipata kwamba waonekana katika nchi za joto na mvua, na kwamba milimani hauonekani sana.

Mwaka ule ule wa 1961 Burkitt alitoa hotuba London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo Anthony Epstein. Nyama za uvimbe zikawa zikipelekwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wameona kirusi ndani ya chembe zake. Ndicho kirusi kiitwacho hata leo Epstein-Barr. Msomaji akiweke moyoni, maana tutakutana nacho tena tumboni.

Habari hiyo yajulikana na wengi. Isiyojulikana sana ni ile walioiona wenye hadubini. Gregory O'Conor na wenzake, walipotazama vipande vya uvimbe huu pale Kampala, waliona uwanja mweusi wa chembe zilizosongamana, na hapa na pale nafasi nyeupe ya duara. Sura hiyo ikapewa jina la mbingu yenye nyota. Kila nyota ilikuwa ni chembe kubwa, mlaji wa mizoga, ambayo imemeza mabaki ya chembe za saratani zilizokufa. Kwa maneno mengine, katika uvimbe ukuao kwa haraka kuliko karibu uvimbe wote mwingine wa binadamu, kifo kilikuwa kimetapakaa kama nyota za usiku. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho ya watu. Lililokosekana ni neno la kuuelezea.

Jina lililotoka kwa Wayunani

Neno lilipatikana mwaka 1972. John Kerr, mtaalamu wa Australia, alikuwa amekwisha kuona katika maini ya panya kwamba chembe nyingine hufa kwa njia isiyofanana na ajali. Hazivimbi wala kupasuka. Hujikunja, hujitenga na jirani zake, kisha hukatika vipande vidogo vilivyofungwa vizuri, ambavyo jirani huvila pasipo homa wala uvimbe. Alipokuwa Aberdeen, Scotland, pamoja na Andrew Wyllie na Alastair Currie, alitambua kwamba kifo hicho ni kazi ya kawaida ya mwili, mwenzi wa kuzaliwa. Walimwendea James Cormack, profesa wa Kiyunani katika chuo kile, wakamwomba jina. Akawapa *apoptosis*, neno ambalo Wayunani walilitumia kwa kuanguka kwa majani ya mti au petali za ua.

Watu wa lugha wana haki ya kujivunia kidogo tukio hili. Matabibu walikuwa na jambo mikononi mwao wasiloweza kulifanya lionekane, mpaka mwenye elimu ya maneno alipowapa picha. Kabla ya hapo Kerr mwenyewe alikuwa akitumia maneno yenye maana ya kufa kwa kunywea, nayo hayakuvuta macho ya watu.

Protini ziamuruzo

Baada ya jina kupatikana, ilibaki kuuliza: ni nani atoaye amri? Jibu lilitoka kwa mnyoo mdogo wa udongoni. Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, pamoja na John Sulston na Robert Horvitz, walifuata chembe za mnyoo huyo moja baada ya moja. Wakaona kwamba katika chembe 1,090 zizaliwazo, 131 hufa, na daima ni zile zile. Kifo hicho, basi, kilikuwa kimeandikwa katika jeni. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Jeni za mnyoo zilipolinganishwa na za binadamu zilionekana kuwa ni ndugu.

Kwa ufupi mambo huenda hivi. Ndani ya chembe yetu wamo wakataji, protini ziitwazo kaspasi, ambazo hukaa zimelala mpaka zitakapoamshwa. Kuamshwa kwake aghalabu hutegemea mitokondria, vile viini vya kuipa chembe nguvu. Ngozi ya mitokondria ikitobolewa, sitokromu huvuja, na kaspasi huamka. Mlangoni pa mitokondria hushindana makundi mawili ya ukoo mmoja: BAX na wenzake hutoboa, Bcl-2 na wenzake huzuia. Juu yao yupo p53, mlinzi aliyegunduliwa mwaka 1979, ambaye akiona jeni za chembe zimeharibika huisimamisha kazi, au huamuru ife.

Ugunduzi uliogeuza fikra ulikuwa ule wa Bcl-2. Jeni yake ilipatikana katika miaka ya 1984 na 1985 katika saratani ya tezi, na kila mtu alidhani kwamba huzidisha kuzaliana. Mwaka 1988 David Vaux, Suzanne Cory na Jerry Adams huko Melbourne walionyesha kwamba haizidishi kuzaliana hata kidogo: huzuia kufa. Kwa mara ya kwanza ilithibitika kwamba saratani yaweza kuanza si kwa sababu chembe imezaa mno, bali kwa sababu imekataa kufa.

Ndipo nyota za Mulago nazo zikaeleweka. Katika limfoma ya Burkitt jeni iitwayo MYC, kama ilivyojulikana mwaka 1982, huhama kutoka kromosomu yake na kuangukia mahali inapolazimishwa kufanya kazi bila kupumzika. Mwaka 1992 ilionekana kwamba MYC hiyo hiyo isukumayo chembe kuzaliana huisukuma pia kufa. Chembe za uvimbe ule, basi, huishi ukingoni mwa kaburi. Hapana shaka hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya watoto wengine waliotibiwa na Burkitt wapone kwa dawa kidogo tu, jambo lililowastaajabisha watu wa zama zake: dawa haikuwa na kazi kubwa ila kuzisukuma hatua moja.

Tumboni

Saratani ya tumbo haina wepesi huo. Ngozi ya ndani ya tumbo hukaa katika asidi kali na msuguano wa chakula, kwa hiyo chembe za juu yake hupukutika na kufanywa upya kila baada ya siku chache. Hapa kufa si msiba, ndiko kunakolinda. Chembe iliyoharibika huondoka pamoja na uharibifu wake kabla haujarithiwa.

Mwaka 1982 Robin Warren na Barry Marshall, wa Perth, Australia, walifanikiwa kuotesha bakteria iitwayo *Helicobacter pylori* kutoka tumboni mwa wagonjwa, na mwaka 1984 Marshall akainywa mwenyewe ili kuonyesha kwamba yaumiza tumbo. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani liliihesabu miongoni mwa visababishi vya hakika vya saratani. Kazi yake ni ya hila. Kwa sumu yake moja hutoboa mitokondria na kuziua chembe kabla ya wakati wake. Kwa protini yake nyingine, CagA, huidhoofisha p53 ndani ya chembe zinazosalia. Hivyo kwa miaka mingi chembe nzuri hufa, na nafasi zake huchukuliwa na zile zilizojifunza kutokufa. Ngozi hunywea, hubadilika sura ikawa kama ya utumbo, kisha huharibika, na mwisho huwa saratani.

Mwaka 2014 wachunguzi wa Marekani na wenzao walitangaza hesabu ya jeni za uvimbe wa tumbo 295, wakazigawa katika makundi manne. Katika kundi kubwa kuliko yote, lililokuwa nusu ya zote, p53 aghalabu ilikuwa imevunjika. Katika kundi jingine, uwezo wa chembe wa kusahihisha makosa ya kunakili jeni ulikuwa umepotea. Wasomaji waliozoea miswada ya kale watalielewa jambo hili upesi. Mnakili akikutana na herufi moja iliyorudiwa mara nyingi huweza kuruka moja au kuongeza moja. Jeni ya BAX ina mahali penye herufi G nane mfululizo, na ni hapo hapo kosa hutokea. Herufi moja ikipotea, sentensi yote ifuatayo hupoteza maana, na yule mtoboaji hazaliwi. Na katika asilimia 9 ya uvimbe huo alikutwa mgeni tuliyemwacha Kampala: kirusi cha Epstein-Barr, ambacho kati ya jeni zake mwenyewe kinayo moja iliyo mfano wa Bcl-2.

Hesabu ya milimani

Burkitt, Michael Hutt na wenzao, waliokusanya habari za saratani kutoka hospitali nyingi za Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1960, waliona kwamba saratani ya tumbo haikuenea sawasawa. Iliwapata zaidi watu wa milima ya Rwanda, Burundi na kusini-magharibi ya Uganda, na wa pande za Kilimanjaro. Yaani ilipenda pale ambapo uvimbe wa mataya haukupapenda. Mkoa wa Kagera umepakana na nchi zote tatu hizo.

Mwaka 1992 jambo jingine likapewa jina la kitendawili cha Afrika: bakteria ya tumbo imeenea karibu kila nyumba, na saratani yake yahesabiwa kuwa chache. Wengine husema ni tofauti za bakteria, wengine minyoo, wengine chakula. Lakini hesabu hutegemea mhesabuji. Saratani ya tumbo haijulikani kwa hakika mpaka bomba lenye taa lipitishwe kooni na kipande cha nyama kitazamwe kwa hadubini. Na hospitali za vijijini kwa miaka mingi hazikuwa na vyombo hivyo. Mgonjwa wa Kagoma huanzia hospitali ya karibu, kama Ndolage au Kagondo, huenda Bukoba, na hatimaye huelekezwa Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa ya kanda ya Ziwa iliyofunguliwa mwaka 1971. Mwaka 2012 madaktari wa Bugando walichapisha habari za wagonjwa 232 wa saratani ya tumbo, na walio wengi mno walikuwa wamefika wakati ugonjwa umekwisha kuenea. Watu 232 katika hospitali moja si kitendawili, ni watu.

Tatizo la jina

Hapa ndipo wanalugha wanapoingia. Katika maandishi ya kitaalamu protini hizi huitwa kwa maneno yenye maana ya *protini za kifo*. Jina hilo likitafsiriwa hivi hivi huigeuza kweli juu chini. Mgonjwa atadhani kwamba protini za kifo ndizo zinazomwua, kumbe kukosekana kwake ndiko kunakomwua. Akiambiwa kwamba chembe za tumbo lake hazifi, huenda akamshukuru Mungu na kurudi nyumbani. Na akielezwa kwamba dawa atakayopewa itaua chembe, aweza kuikimbia, asijue kwamba kazi yake ni kuzirudisha katika utii wa maumbile.

Nadhani Kiswahili kina neno tayari, nalo ni *pukutika*. Waswahili husema majani yapukutika, maua yapukutika. Wala hawasemi hivyo kwa tawi lililovunjwa na dhoruba. Tena neno hili lina jamaa zake. *Kupukuchua* ni kutoa punje za mahindi katika gunzi, moja moja. *Pukute* ni wali ambao punje zake hazikushikana. Ukoo huu wote una maana ya kitu kujitenga na wenziwe bila ya kuwaharibu, na hilo ndilo hasa Kerr aliloliona: chembe hujitenga kwanza, kisha huenda zake peke yake. Kwa hiyo kifo hiki na kiitwe *mpukutiko*, na protini zake *protini za mpukutiko*. Na kile kifo kingine, cha ajali, ambacho chembe huvimba na kupasuka na kuwaunguza jirani, kiitwe *mwozo* au kwa jina lingine litakaloonekana kufaa.

Wakulima wa Kagera hawatahitaji mwalimu wa kuwaeleza tofauti ya mambo haya mawili. Tangu mwaka 2006 wameona mnyauko wa migomba ukiingia mashambani na kuangusha mgomba mzima kabla ya ndizi kukomaa. Nao wameona mibuni ikiangusha maua kila msimu. Kifo cha kwanza ni maangamizi, cha pili ni utaratibu. Wajua pia shina lisilopunguzwa machipukizi linavyokuwa: kijani kibichi tele, na mkungu mdogo. Mhudumu wa afya akisema kwa Kiswahili au Kihaya kwamba saratani ni machipukizi yaliyokataa kupungua na maua yaliyokataa kupukutika, atakuwa amesema kweli ya sayansi bila ya kupunguza kitu. Na mwenye vidonda vya tumbo visivyopona, akiujua mwanzo huu, atakuwa na sababu ya kutaka bakteria yake itibiwe kwa dawa zilizopo, na kupimwa mapema, badala ya kungoja mpaka aelekezwe Mwanza.

Cormack aliwapa matabibu wa Aberdeen neno kutoka lugha ambayo mgonjwa wao hakuijua. Sisi tunalo ambalo mgonjwa wetu alilijua tangu utotoni, akiwa chini ya mibuni ya babu yake. Hayo ndiyo maoni yangu, na wenye maarifa zaidi ya lugha na ya utabibu na wayapime na kuyasahihisha.